Neema, Sasa Mikono Yangu Inajua

Mpendwa mwanangu Neema,

Mwaka wako wa saba ulipenda ziwa kuliko chakula. Nikianika ndagala, visamaki vya ziwa letu, pale ufukweni Kalundu, ulikuwa unazama, unaibuka mbali kidogo, kisha unaita nikutazame, "Mama, uangalie minye!" Nilikuwa nainua kichwa, naona pengo la meno yako ya mbele, narudi kwenye ndagala zangu. Asubuhi ile hukuita. Nilipoinua kichwa, wavuvi wawili walikuwa wanakutoa majini.

Walikushika miguu, wakakuning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Mwingine akakukamua tumbo. Watu walisali. Mimi nilikaa nimekushika mkono, nikingoja afike mtu anayejua. Hakufika.

Baada ya mazishi, shangazi yako Mapendo aliniambia siku yako ilikuwa imefika. Miezi mingi ikapita. Kisha nikaenda kwa muuguzi wa kituo cha afya, nikataka jibu la kweli. Alisita, akasema labda pumzi ya mtu na mikono juu ya kifua vingekurudisha, labda hapana, lakini kule kukuning'iniza kulitupotezea muda. Niliondoka. Kesho yake nilirudi, nikamwambia anifundishe.

Nilijifunzia juu ya mwanasesere niliyemshona kwa vipande vya godoro. Namlaza chali, nainua kidevu, nampulizia pumzi tano. Kisha nakandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, mara thelathini, pumzi mbili, tena na tena. Mapendo alinikuta, akasema ninachezea kaburi lako. Nilimjibu kwamba sichezi nalo, ninagombana nalo.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Ester, mtoto wa jirani mwenye miaka miwili, alitumbukia ndani ya pipa la maji. Mama yake alipomtoa hakuwa anapumua, na midomo ilikuwa ya kijivu. Nilimchukua mikononi mwake, nikamwambia akatafute pikipiki, nikaanza. Uwanja ulijaa watu. Mzee mmoja wa kanisa letu akaniinamia.

"Mama Neema, umuache. Mutoto amekwisha kwenda."

"Bado," nilimwambia, mkono wangu ukiwa juu ya kifua. "Weye usali. Minye ninafanya."

Mabega yaliniwaka moto. Sikuacha. Ester akakohoa, akatapika maji, akalia kilio chembamba. Nilimgeuza ubavu, akapelekwa hospitali, akalazwa siku nne. Leo anafukuza kuku uani kwao.

Mwanangu, siku ile nilikwenda nyuma ya nyumba nikakulilia upya, kwa hasira, kwa sababu mikono ni ileile. Kisha nikanawa uso. Sasa kila Jumamosi wanawake wa ndagala wanakuja na wanasesere wao wa godoro. Mapendo alikuja wa mwisho, na ndiye anayekandamiza kwa nguvu kuliko wote. Si watoto wote wanaozama wanaorudi. Mwezi uliopita mmoja alitushinda, ingawa tulipokezana wanne mpaka hospitalini, na tulimlilia pamoja na mama yake.

Lakini mtu akiniambia tena kwamba siku yako ilikuwa imefika, ninamkatalia mbele ya watu. Siku yako ilikuwa bado. Sisi ndio tulikuwa hatujui.

Pumzika, Neema. Mimi sipumziki.

Mama yako