Mnunuzi Aliyeombea Nyumba

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba ya tatu kukagua tangu niuze tangawizi. Magoti yamekataa miteremko ya kijijini kwetu, Mamba, nimeamua kuwa mwenye nyumba mjini Same. Mwenye nyumba hukaa tu, kodi inakuja yenyewe. Ndivyo ninavyoelewa.

Leo Kisingi, dalali wangu, kanionyesha vyumba vya kupangisha karibu na stendi. Akasema vyote vina wapangaji. Kweli vina. Kimoja kina mbuzi. Nikafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Kisingi akasema maji ni ya zamu. Nikamuuliza mama jirani zamu ya mwisho ilikuwa lini. Akamwita mwenzake wasaidiane kukumbuka.

Sijanunua.

Jumatano, 5 Machi
Kisingi kaja na jambo jipya. Kuna mama alikopa benki kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi. Duka limekufa, nyumba inapigwa mnada Jumamosi ya wiki ijayo. Bado anaishi humo. Kisingi anasema nyumba za mnada ndizo zinazotajirisha watu. Yeye anatembea kwa miguu, ila sikuligusia hilo.

Nimempigia mke wangu, Nakijwa, huko juu. Kasema nyumba hainunuliwi kwa nje kama tikiti maji. Basi kesho naingia. Nitajifanya natafuta chumba cha kupanga.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu.

Nilivaa koti la Jumapili ili nionekane mpangaji wa maana. Huyo mama, Mama Elineema, alikuwa ameomba usharika umtumie mzee wa kanisa. Akaona koti. Kabla sijajieleza nimeketishwa, nimewekewa makande. Nilikuwa na njaa, nikala kwanza. Hapo ndipo nilipoharibu.

Akanitembeza chumba kwa chumba niombee. Sijawahi kukagua nyumba vizuri hivyo. Nimeinua uso kwa maombi nikaona mchwa darini. Nimepiga magoti sebuleni nikaona ufa wa sakafu. Kuta nzuri. Tangi zuri. Mwisho akaniomba nimsihi Mungu amzuie yeyote anayeitamani nyumba hii. Nikaomba. Kwa sauti. Nikasema amina.

Jumapili, 9 Machi
Nimepanda Mamba. Nakijwa kacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Umeomba mwenyewe uzuiwe," akasema. "Sasa zuilika."

Naitaka ile nyumba. Sijalala vizuri tangu Alhamisi.

Jumamosi, 15 Machi
Mnada. Nilijificha nyuma ya Kisingi, lakini Kisingi ni mwembamba. Mama Elineema akaniona. Akaniletea kiti, akaniketisha kando yake, akawaambia watu mtumishi wa Mungu amekuja kusimama naye. Dalali wa mnada akanadi. Kisingi akanikonyeza hadi jicho lake likatoa machozi. Mkono wangu ulikuwa mzito kama gunia.

Bwana mmoja wa miwani myeusi, mgeni kutoka Moshi, akainama akaninong'oneza: kwa kuwa mimi ni mtu wa Mungu, nimwambie ukweli wa nyumba. Nikamwambia kuna mchwa. Akaacha kupandisha bei, wengine wakafuata. Haikufika bei ya benki. Mnada ukaahirishwa.

Mama Elineema akalia, akanishika mikono yote miwili. Nikashindwa. Nikamwambia mimi si mzee wa kanisa, ni mkulima wa tangawizi, na nilikuja kuinunua nyumba yake.

Akaiachia mikono yangu. Nilitamani anitukane tu tumalize.

"Ulikula makande yangu huku unahesabu mabati?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nunua," akasema. "Lakini si kwa bei ya mnada."

Jumanne, 18 Machi
Benki imekubali auze mwenyewe, deni lake likatwe humo. Mama huyu anajua biashara. Sijui duka lilikufaje. Kila nikitaja mchwa anataja makande. Nimepandisha mara tatu. Kwa bei hii, Kisingi anasema, sitatajirika. Mama atabakiwa na cha kujengea vyumba viwili Kileo, kwa dada yake. Nakijwa kasema lipa, na uache kununa.

Ijumaa, 11 Aprili
Tumeweka sahihi. Nimekuwa mwenye nyumba. Fundi kafungua dari. Mchwa ni wengi kuliko maombi yangu.

Jumamosi, 26 Aprili
Mama Elineema kahama leo. Alifagia vyumba vyote kabla ya kunipa funguo. Nikamwambia aache, akaendelea. Pikapu ikaondoka na vitanda na kuku.

Nikakaa sebuleni, chini, maana hakuna kiti. Upepo wa Same unaingia kwa madirisha yote. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Pikapu ikarudi. Alikuwa amesahau mwiko jikoni. Nikamsikia anashuka, anakuja, anasimama nje ya mlango uliokuwa wazi.

"Hodi," akasema.

"Karibu," nikasema, kana kwamba nyumba ni yangu.