Mukeka ya Bushira

Baba Bushira,

Usishituke kukuta nyumba tupu. Chupa ya mutoto imepasuka, naenda kuzaa kwa maternité na jirani yetu, Mama Fanny. Tunapita njia ya mashamba, sababu basoda bamefunga njia kubwa ku barrière. We pia upite huko. Usiogope, maji yenye inatoka ni safi, na uchungu iko mudogo bado.

Anua unga ya muhogo mbele ya mvua. Samaki iko mu sufuria, nimefunika na jiwe. Usiachie paka kama juzi! Niletee kitenge ya zamani, si ile mupya.

Sasa sikiliza. Asubuhi niliamka nikakuta mukeka yenye nalalia na Bushira imelowa. Unajua Bushira, tangu ile siku ya masasi ya bunduki alikuwa anakojoa akilala. Nikamukaripia. Akasema, "Mama, si mi." Nikamuita muongo, nikamubebesha mukeka ku kichwa, aende kuifua ku ziwa. Batoto ba jirani bakamufuata na wimbo yao ya kikojozi. Mi sikubakataza. Kisha nikainuka niwashe moto, maji ikatoka tena, ikashuka mpaka ku miguu. Ilikuwa yangu.

Hajarudi bado, na Mama Fanny ananivuta mukono.

~~Usimuambie kitu, nitamuambia mwenyewe.~~

Hapana. Umuambie akifika tu, kwa sauti, mbele ya bale batoto: hakukojoa yeye. Ni mudogo wake alikuwa anabisha hodi.

Mama Bushira