Barua Thelathini na Moja kwenda Ubelgiji

Masisi, tarehe 21 Septemba 1969

Kwa mdogo wangu mpendwa Adelaïde, Itebero

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Jérôme, na watoto wote mnaokula nao sahani moja. Mnaendeleaje? Homa ya yule mdogo imekwisha? Na nguruwe wa msituni mwaka huu wamewaachia mihogo kidogo? Sisi tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi. Wifi yako Augustine anakusalimu sana. Magoti yangu hayapendi tena mlima huu, na siku hizi nafundisha nikiwa nimekaa, jambo ambalo zamani nililikataza kwa walimu wenzangu.

Maneno yako yamenifikia kwa kinywa cha Papa Polycarpe, yule mfanyabiashara wa Butembo ambaye lori lake linashuka mpaka kwenu. Aliyatoa akiwa amesimama, akakataa hata kiti. Alisema ulimwambia hivi: “Uulize kaka, mutoto amerudi kwa miguu siku saba pamoja na wachuuzi wa chumvi, hasemi kitu, hata kula anakula kama mugeni. Mulimufanya nini kule?” Ni haki yako kuuliza. Nitakujibu, lakini unanijua: siwezi kueleza jambo bila kuanzia mbali. Nivumilie.

Mwaka jana inspekta wa shule alikuja kutoka Goma, akatuambia kwamba somo la dunia lisibakie kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Alitaka kila shule ipate rafiki ng'ambo, watoto waandikiane, wajue wenzao wanaishi vipi. Sisi tulipewa shule moja ndogo ya Ubelgiji, ya mwalimu mmoja anayeitwa Mademoiselle Adrienne. Nilifurahi. Kwa miaka ishirini na sita nimefundisha majina ya mito na miji ambayo mimi mwenyewe sitaiona, na nilidhani sasa angalau mmoja wa huko atatuona sisi.

Nikafanya kama nilivyofundishwa na Mapadri. Niliandika barua ya mfano ubaoni kwa Kifaransa safi, na wanafunzi wangu thelathini na mmoja wa mwaka wa sita wakainakili. Aliyetia doa la wino alianza upya. Nilitaka mzungu akifungua bahasha aone mwandiko mzuri, asione aibu ya shule yetu. Zikaenda barua thelathini na moja zenye mwandiko mzuri kabisa, na katika kila moja mtoto alikuwa na baba mkulima, na mbuzi mmoja mweupe, na alipenda hesabu kuliko masomo mengine.

Majibu yalipofika, watoto walishangaa. Wale wa Ubelgiji walianza moja kwa moja na baiskeli zao na mbwa wao, bila hata kuuliza mtu ameamkaje. Wetu wakaniuliza: “Mwalimu, bale batu tuliwakosea nini?” Théoneste, mchekeshaji wa darasa, akasema kwao kuna baridi, mtu anafunga kinywa haraka meno yasigande. Nilicheka nao. Kisha nikafungua barua yangu mwenyewe. Mademoiselle Adrienne aliuliza kwa upole mkubwa kama ni serikali ya Masisi iliyogawa mbuzi mweupe kwa kila nyumba. Alisema angependa safari nyingine kusikia watoto wenyewe.

Basi nikafuta ubao, nikawaambia kila mtu aandike habari zake. Adelaïde, walikaa saa nzima wakiutazama ule ubao mtupu. Hawakuwa wavivu. Ni mimi niliyewazoesha kwamba maneno yanatoka pale mbele. Mwishoni wengi walipata mistari mitano. Mwanangu Honoré alimrudisha yule mbuzi, wenzake wakamcheka.

Aliyeandika ni Rosalie wako peke yake, kurasa mbili. Aliandika juu ya mwaka ule wa uasi, ulipomtoa huko kwenu Walikale akiwa na miaka minane ili aje kwangu asome, kwa sababu kwenu shule zilikuwa zimefungwa. Aliandika kwamba mlipoagana mtoni hukumpungia mkono, maana mikono yote miwili ilikuwa imembeba mdogo wake, na kwamba hata leo anakasirikia mikono hiyo, halafu anaihurumia. Aliandika kwamba ameanza kusahau uso wako, lakini anakumbuka unavyojivuta sikio kabla ya kucheka. Nilisoma nikaweka chini miwani. Sikuwa nimemfundisha hata neno moja la yale.

Kabla hatujazituma, ikaja habari kwamba shule ile ya Ubelgiji itamsimamia mtoto mmoja wa darasa letu mpaka amalize masomo ya sekondari. Wangemchagua kwa kusoma barua hizo.

Sasa mdogo wangu, kaa vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nachelewa kufika.

Nilimwita Honoré nyumbani, nikaweka mbele yake kurasa za Rosalie, nikamwambia anakili. Akanakili. Kunakili ndiko nilikomfundisha. Chini akaandika jina lake. Rosalie nilimwambia kwamba barua yake iliharibika kwa wino wangu na muda umekwisha, anakili tu ule mfano wa zamani. Akanakili, na mbuzi mweupe akiwemo.

Walimchagua Honoré.

Unajua desturi ya darasa langu: barua ikifika, mwenyewe anasimama na kuwasomea wenzake. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Honoré akasimama akasoma kwamba Mademoiselle Adrienne na watoto wake walilia kwa ajili ya mama yake aliye mbali Itebero, na wanamwombea amwone tena. Théoneste akaruka: “We Honoré, mama yako si ule anauza ndizi pale mulangoni? Amefika Itebero saa ngapi?” Darasa likaanguka kwa kicheko. Rosalie hakucheka. Hakumtazama Honoré; alinitazama mimi, na hakuondoa macho mpaka nikageukia ukuta nikijifanya natafuta chaki.

Hakuniuliza kitu, wala siku ile wala miezi iliyofuata. Aliteka maji, alipalilia maharagwe pamoja na Augustine, alijibu “ndiyo, Papa”. Asubuhi Honoré alipoondoka kwenda kolegi, sekondari ya Mapadri ya Bukavu, tulikwenda kumsindikiza, Rosalie akabaki nyumbani. Tuliporudi, Rosalie hayupo.

Nimejitafutia sababu nyingi. Nilijiambia kwamba msichana atasoma, kisha ataolewa, masomo yapotee. Nilijiambia kwamba mvulana atatusaidia sote, hata wewe. Ukweli ni mfupi kuliko hizo: Honoré ni wangu.

Wiki mbili zilizopita nilimwandikia Mademoiselle Adrienne yote, nikawaandikia na Mapadri wa kolegi. Huenda watamrudisha Honoré nyumbani, huenda watatuacha kabisa na watoto wabaki tena na ramani yao. Nilimwandikia na Honoré mwenyewe. Amejibu mstari mmoja: “Papa, nilijua ni ya Rosalie, lakini ulisema ninakili.” Masista wenye shule ya wasichana Goma wamekubali kumpokea Rosalie hata akichelewa mwezi mzima. Nimewaeleza kwa nini atachelewa.

Mpaka hapa nimekuandikia wewe, Adelaïde. Lakini katekista wenu alihama tangu Julai, na katika nyumba yako anayejua kusoma ni mmoja tu. Basi Rosalie, mwanangu, najua ni wewe unayetoa sauti yangu sasa mbele ya mama yako. Ungeweza kuruka mahali, naye asingejua. Nakuomba usiruke. Kama umeruka, rudi nyuma umsomee. Akilia, mwache alie kwanza. Akinilaani, usinitetee.

Papa Polycarpe atalala kwenu siku mbili kabla ya kugeuza lori. Kuna nafasi mbele, karibu na dereva. Nimemwambia asimwulize mtu kama anapanda. Aiache wazi tu mpaka atakapowasha mashine.

Tunawashika mikono nyote, wakubwa kwa wadogo. Mungu awape usingizi mwema na mavuno yasiyoguswa na wanyama.

Ni mimi, kaka yako mkubwa,

Raphaël Kasika, mwalimu