Baba, Asubuhi Uliyokwenda kwa Mtaalamu

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya leo unatimia mwaka mmoja, Baba, tangu nesi wa zamu alipotazama saa ya ukutani, akaandika wakati kwenye faili lako, kisha akakuvua miwani.

Ulitengeneza friji kwa miaka thelathini na minne. Mteja aliyekueleza ubovu wa friji yake kwa mbwembwe ulimwambia, "Nyamaza kidogo, niisikie mashine." Uliegemeza sikio ubavuni mwa friji, na mara nyingi ulijua tatizo kabla hujashika bisibisi.

Neno la Mungu ulilisikiliza vivyo hivyo. Kila siku kabla ya kufungua karakana, binti yako mkubwa alikusomea sura moja, kwa mpangilio, bila kuruka. Hukutaka maelezo. "Usinihubirie, mama, nisomee." Mwisho uliuliza swali moja: "Imesema nini?" Aliyeanza jibu lake kwa "Nadhani" alirudia sura nzima.

Ulisomewa kwa sababu jicho la kushoto lilikwisha kupotea, na la kulia halikuona tena maandishi madogo. Miaka tisa kabla ya kifo chako, mwenzako wa karakana, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtaalamu, alielekeza moto wa kuchomelea kwenye bomba ambalo hakuwa amelitoa gesi. Lilipasuka mbele ya uso wako. Aliwaambia wateja kosa ni lako, akaenda kufungua karakana yake. Hukumjibu. Wala hukumsamehe, hatutakupamba. Ukimwona njiani ulivuka upande wa pili wa barabara, nasi tukavuka nyuma yako.

Siku kumi na moja kabla hujafariki, sura ilikuwa ya yule msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi.

"Imesema nini?"

"Wawili walimwona wakapita kando. Mmoja alimhurumia, akasimama."

Moyo wako ulikuwa dhaifu, na daktari alikuwa amekukataza kupanda ngazi.

Saa tatu mke wa Mtaalamu alifika mlangoni. Friji yao ilikuwa imezima na ndani mlikuwa na insulini ya mumewe ya mwezi mzima. Mume mwenyewe alikuwa na kidonda mguuni, hawezi kusimama.

"Fundi hayupo," binti yako akamwambia.

"Fundi yupo," ukaitika kutoka nyuma ya pazia. "Shemeji, bado mnakaa nyumba ile ile?"

"Ile ile. Ghorofa ya tatu."

"Baba, huyu ni mke wa Mtaalamu!"

"Kwani asubuhi ulikuwa unanisomea mimi, au ulikuwa unajisomea?"

Ulipumzika kila ghorofa. Mtaalamu alikuwa amelala kitandani, uso ukutani.

"Umechelewa, mzee," akasema. "Miaka tisa."

"Nilikuwa nasubiri uharibikiwe."

Alicheka kabla hajageuka. Waya wa kompresa ulikuwa umeungua. Kazi ya dakika arobaini. Neno msamaha halikutamkwa, na binti yako, aliyekubebea mkoba wa vifaa, anathibitisha hivyo. Ulikunywa maji, ukakaa mpaka ukungu wa kwanza wa barafu ulipoonekana, ukamwambia shemeji sasa arudishe dawa ndani.

Ulipofariki, daktari alieleza kwamba moyo ulikuwa umechoka tangu zamani, ngazi hazikuhusika. Mama hakumwamini. Mwaka mzima hakuitikia salamu ya Mtaalamu, nasi hatukumlazimisha. Aliketi kila asubuhi kwenye kiti chako na kusomewa, ila lile swali la mwisho hakuliuliza.

Jana saa nne asubuhi Mtaalamu alikuja kwa fimbo, akasimama uani kwa sababu hakuna aliyemkaribisha.

"Bomba lile niliharibu mimi, shemeji," akamwambia Mama. "Nimewaambia wateja wote niliowapata. Nasikia mnamwandikia tangazo. Naomba na mimi niwemo."

Mama alimaliza kuanua nguo, kipande kwa kipande, ndipo akamtolea kiti. Kisha akamgeukia binti yako.

"Mwandike. Mwishoni, lakini mwandike."

Daima utakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mkweo aliye dereva wa gari la wagonjwa, wajukuu zako watatu, dada yako, na Mtaalamu.