Fundi Rangi Wetu, Hukuugua kwa Muda Mfupi

Mwaka mmoja umetimia leo, mdogo wetu, tangu ulipotutoka. Mwaka jana gazeti hili hili liliandika kwamba uliaga dunia "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Maneno hayo tuliyapeleka sisi. Uliugua miaka kumi na moja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa pombe. Haya, sasa limetoka.

Naandika mimi dada yako mkubwa, maana wengine wameshindwa kushika kalamu.

Wenzako walikuita Mnyoofu kwa sababu ulipitisha brashi pale ukuta unapokutana na dari, bila kubandika utepe wa kuzuia rangi, na mstari ukatoka umenyooka. Wenye nyumba walikuwa wanakuja kusimama tu kukuangalia. Ulizoea kuosha brashi zako mara tatu, ukazifunga gazetini kama watoto wachanga, halafu ndiyo ukumbuke kunawa mikono. Mapazia yangu yana alama za vidole vyako mpaka leo, za kijani.

Na ulikuwa mwema, jamani. Bibi wa nyumba ya pili ulimpakia rangi chumba kizima kwa makopo yaliyobaki kazini, kuta nne rangi nne, mkakaa mkicheka wote wawili.

Sisi tulidhani unakunywa kwa anasa. Siku moja nilikufokea, ukanijibu taratibu: "Dada, raha iliisha zamani. Asubuhi mkono unatetemeka, bila kuzimua siwezi kushika brashi. Nakunywa ili nifanane na nyinyi." Sikukuelewa. Nilikwambia acha maneno mengi, jikaze. Kana kwamba ulikuwa hujajikaza.

Mwishowe ulikubali kwenda kwenye nyumba ya matibabu, miezi minne. Mama akawaambia majirani umepata kazi ya kupaka rangi hoteli, huko mbali. Hoteli ilianza na ghorofa tano, mwezi wa pili ikawa na tisa. Tulicheka, na sisi tukatia chumvi yetu.

Ulirudi umenenepa, mikono imetulia kama maji ya mtungi. Mshauri wa kule alitueleza wazi kwamba hujapona, ndiyo kwanza unaanza kupona, na watu unaoshinda nao lazima wajue, wasikupe pombe. Ukatuomba ruhusa: "Niwaambie mafundi wenzangu siku ya kwanza tu, basi." Mama akakataa. Mimi nikaongeza: "Unataka kutuvua nguo mbele za watu? Umetoka hotelini, ishia hapo." Ukainamisha kichwa, ukasema, "Haya, dada." Hukuwa mtu wa kubishana na mkubwa wako. Laiti ungebishana.

Siku ya kwanza kazini wakakufungulia chupa. Mtu karudi kutoka kazi kubwa, lazima apokelewe. Ukasema tumbo linauma. Wakakutania kwamba siku hizi una ulimi wa wakubwa, kinywaji cha wenzako hakikufai tena. Hukuwa na sababu nyingine ya kuwapa, maana sababu yako tulikuwa tumeifungia nyumbani. Ukanywa. Wiki tatu baadaye walikukuta asubuhi kwenye nyumba mliyokuwa mnapaka, umelala sakafuni karibu na ukuta ambao haujakauka. Walikuita, hukuamka.

Mazishini msimamizi wako alinivuta pembeni. "Dada, mbona hamkutuambia? Kwenye kikosi changu wawili wameacha pombe. Tunawawekea soda, na hakuna anayewacheka."

Sikujua nifiche wapi uso wangu. Mficha maradhi kilio kitamuumbua: methali hiyo tuliisoma sote shuleni, hata mtihani tuliijibia. Nilikuja kuielewa pale, nimesimama kwenye udongo mbichi.

Watu wanatuambia tutazoea. Hatujazoea, na sidhani kama tutazoea.

Wanaokukumbuka ni mama yako, ambaye nilimsomea tangazo hili akasema, "Futa." Sikufuta, na tangu juzi hatusemeshani. Ni mimi dada yako, niliyekunyima ruhusa ya kusema neno moja. Na ni mdogo wetu wa mwisho, fundi umeme, ambaye tangu tukuzike, yeye pia hawezi kuianza siku bila kuzimua. Jana mkubwa wake wa kazi alipiga simu kuuliza mbona hajafika. Nilipokea mimi, karatasi hii ikiwa mezani mbele yangu. Nikamwambia ana homa.

Kukukumbuka tutakukumbuka daima, Mnyoofu. Hilo ndilo tunaloliweza.