Bwana Kimya na Namba Yangu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14, saa nne asubuhi.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi, nyingi mno, kutoka kwa mdogo wako asiyejua kunyamaza. Hujambo huko uliko? Mgongo bado unakusumbua ukikaa sana? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mkate kama ulipokuwa chuoni? Huku sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na anatembea mwenyewe, ila jicho la kushoto limefunga ukungu kabisa, nitakueleza mbele. Shangazi bado anagombana na redio, anajibu taarifa ya habari kana kwamba msomaji anamsikia. Mimi nimenenepa. Usicheke.

Barua yako ya mwisho ina miezi kumi na minne sasa. Sikulaumu, au nakulaumu kidogo tu. Nikipiga namba yako haiiti na wala hakuna sauti ya kusema haipatikani, ni kimya tu mpaka nikate mwenyewe. Basi nimeamua kushika kalamu na kutuma kwa anwani ile ya kazini kwako, nikiomba Mungu bado wanakujua.

Kaka, nina jambo. Nikimweleza mtu wa hapa ananitazama kama nimechanganyikiwa. Lakini namba yangu ya simu ulininunulia wewe, siku ile unaondoka, ukaifungua pakiti mpya mbele ya macho yangu, ukasema nisiibadilishe hata iweje ili usinipoteze. Kwa hiyo swali langu ni la kwako, si la mwingine.

Unaijua kazi yetu ya masijala. Ukitoa faili kwenye rafu unaacha kadi mahali pake, umeandika jina lako na namba yako ya simu, ili anayelitafuta akupigie. Ndivyo tunavyofanya kazi, na ole wake atakayetoa faili bila kuacha kadi. Miezi minane iliyopita tuliletewa mfanyakazi kutoka tawi lingine, mwanaume wa rika lako, mrefu, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Meza yake inatazamana na yangu. Haongei! Tulishamwita Bwana Kimya kabla hata ya kwenda kula mchana siku ile ya kwanza.

Wiki ya pili simu zikaanza. Mtu wa idara ya ardhi ananiuliza faili lake liko wapi. Namwambia sina. Ananijibu kwa jeuri, unalo, kadi ina namba yako. Nikaenda kwenye rafu nikaitazama. Jina la Bwana Kimya, namba yangu, mwandiko safi, na kila saba ameikata kamstari katikati. Nikajua amekosea. Nikamrudishia kadi arekebishe, akasema, "Samahani, dada," akaiweka mfukoni. Kesho yake nikakuta kadi nyingine tatu, zote jina lake na namba yangu. Namba yake mwenyewe, kaka, hakuna hata mtu mmoja pale ofisini anayeijua.

Hayo ya mafaili ningeyavumilia. Lakini zikaanza simu za nje. Fundi cherehani akapiga, mwambie kaka yako suruali iko tayari. Daktari wa meno, mkumbushe kaka yako Jumanne. Mwenye nyumba wake, mwambie kaka yako bomba limetengenezwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mimi ni dada yake. Walinisalimia tu kama watu tunaojuana. Nikawa nawakatalia, baadaye nikachoka, nikawa nasema haya, nitamwambia. Na kweli nikawa namwambia! Naye anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye mafaili yake.

Siku moja fundi yule, mtu ambaye sijawahi kumtia machoni, akaniuliza, "Na mama anaendeleaje na jicho?"

Nikaweka simu mezani kama imeniunguza. Bwana Kimya hakuinua hata uso.

Nilijitafutia maelezo, maana mtu hawezi kuishi bila maelezo. Unajua Mama siku hizi anasahau. Anaweza kutoka kununua chumvi akasahau njia ya kurudi. Kitu kimoja tu hajakipoteza, namba yangu. Kila siku saa nne nampigia kutoka kazini namwambia, "Nitajie namba yangu," naye anaitaja yote bila kukosea, kisha ananitukana kwa kumfanya mtoto mdogo. Kwa sababu masikio yake ni mazito tunapiga kelele wote wawili, kwa hiyo ofisi nzima inasikia, jicho na mengine yote. Nikajiambia basi, ameisikia hapo. Labda hana ndugu. Labda ni mpweke tu, na upweke humfanyia mtu mambo ya ajabu. Nikamwonea huruma kidogo.

Mkuu wa masijala nilipomshtakia alicheka hadi akavua miwani. Kuitwa dada ya mtu si kosa la kinidhamu, alisema, na kama inanikera nibadilishe namba. Nibadilishe! Nikibadilisha, Mama akipotea atampigia nani? Nimemshonea namba hiyo kwenye pindo za magauni yake yote. Kuitupa ni kumtupa yeye. Nilimwambia hivyo, akaniambia nikafanye kazi.

Sasa sikia nilichofanya, na usiniseme. Nilitoa faili lake la utumishi. Niliacha kadi kihalali kabisa, jina langu, namba yangu. Kwenye fomu ya kwanza, mahali pa kuandika mtu wa karibu wa kuitwa ikitokea dharura, ameandika: Dada. Na namba yangu. Ile saba ina kamstari. Nikatazama tarehe. Fomu ile ilijazwa kule tawini kwao, mwezi mmoja na nusu kabla hajakanyaga ofisini kwetu, kabla hajanisikia hata nikikohoa. Maelezo yangu yote yakaisha pale pale, nimesimama kati ya rafu.

Wiki tatu zilizopita Mama akapotea. Shangazi alikuwa anaanika nguo nyuma, Mama akachukua kikapu akatoka. Nilipata habari saa tano. Kabla sijashika mkoba simu ikalia, nikapokea mbio, kumbe ni fundi cherehani na suruali yake! Anaeleza habari za zipu. Nikamkatisha kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilipokata nikaona kuna namba ngeni imenitafuta mara tatu wakati naongea. Nikaipiga. Ni mwenye duka la vifaa vya umeme, mbali kabisa, ng'ambo ya barabara kubwa ya malori. Akaniambia kwa furaha kwamba mama alikuwa pale, aliitaja namba vizuri, lakini laini ilikuwa na mtu, na ameshachukuliwa.

Amechukuliwa na nani? Nilipiga kelele hadi watu wa mapokezi wakaja.

Na kijana wake, akasema. Alikuwa amesimama hapa kaunta ananunua balbu. Alimsikia mama akitaja namba, akasema hiyo ni namba ya dada yangu, na huyu ni mama yangu. Mama mwenyewe akamshika mkono.

Kaka, sijui nilifikaje nyumbani. Njia nzima niliona barabara ile ya malori, na Mama katikati yake, na mtu nisiyemjua jina amemshika mkono. Nilisukuma mlango nikamkuta Mama kwenye kochi, miguu ameoshwa, anakunywa chai. Bwana Kimya amekaa kwenye kile kiti cha pembeni, balbu kwenye mfuko magotini. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa, hakuja kazini. Na anwani yetu hajawahi kupewa. Shangazi akaniambia, alikuja moja kwa moja, hata hakuuliza mlango.

"Kaka yako amenileta," Mama akaniambia, kana kwamba nimechelewa kupata habari.

Nililia, kwanza kwa furaha. Nilimpigia magoti nikamshukuru. Kisha nikamvuta jikoni, nikamuuliza namba yangu aliipata wapi.

"Nilikuwa nayo, dada."

"Tangu lini?"

"Zamani."

Nikamuuliza kama anakujua wewe, kama mliwahi kukutana, kufanya kazi pamoja, kulala chumba kimoja. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Si kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayesubiri nikumbuke kitu. Halafu akarudi sebuleni akamuuliza Mama, "Nikuongezee chai, Meneja?"

Meneja! Nani mwingine duniani anamwita Mama Meneja? Ni utani wako huo, na nje ya kuta hizi hatujawahi kuusema. Mama alicheka, kaka. Mwaka mzima sijamsikia akicheka hivyo. Niliegemea mlango wa jikoni, nikashindwa kumwambia mtu yule aondoke kwetu.

Tangu siku hiyo anakuja kila Jumapili. Hali wala hanywi chochote zaidi ya chai. Haombi kitu, hagusi kitu. Amebadilisha balbu ya varanda, amekaza bawaba ya dirisha. Mama anamwita kwa jina lako naye anaitika. Shangazi mwanzoni aliogopa, sasa ananiambia niache mashaka, kijana ana adabu. Nilimwambia Shangazi, huyu si mwanetu. Akanijibu, "Najua, lakini yupo." Neno hilo liliniuma, nakuambia ukweli, kwa sababu lilikuwa linakuhusu wewe.

Na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika leo. Mama atafanyiwa upasuaji wa jicho Alhamisi ijayo. Juzi tulikwenda hospitali kujaza fomu. Nesi akataka watu wawili wa kuitwa, maana Mama anasahau na dawa ya usingizi ina mambo yake. Nikaandika mimi. Wa pili nikaandika wewe. Nesi ni mtu makini, akaipiga namba yako pale pale. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akanisogezea fomu, akasema kwa upole niandike mwingine anayepatikana, bila hivyo hawampokei.

Nikaandika: Kaka. Nikaandika namba. Sikusita hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe kama ninavyoandika ya kwangu. Nesi akaipiga, akaweka sauti ya juu, ikapokelewa kwa mlio wa kwanza. Sauti ya Bwana Kimya ikasema, "Ndiyo, ni mama yangu. Alhamisi nitakuwepo."

Kaka, sijawahi kupewa namba ile. Nimepekua simu yangu yote, haimo. Nimepekua kadi zote za masijala, haimo. Nilipoitazama tena kwenye fomu, nikaona saba mbili, na zote nimezikata kamstari katikati. Mimi sikati saba. Wewe unajua, ulinifundisha kuandika.

Basi nijibu. Ulimpa mtu namba yangu? Kama ulimpa, niambie tu, hata kama ulikuwa umelewa, hata kama ulikuwa unaumwa, sitakugombeza. Na kama kuna jambo limekupata, mtu yeyote anayefungua barua hii anijibu badala yako. Zaidi ya yote piga simu. Sihitaji maelezo marefu. Mama asikie sauti yako kabla ya Alhamisi, kabla hawajamfunga macho yote mawili kama daktari alivyosema, maana baada ya hapo wiki mbili atakuwa anatujua kwa sauti tu.

Shangazi anakusalimu na anasema umekuwa mzee sasa, uoe. Mjomba fundi seremala anakusalimu, mguu umepona. Watoto wake mapacha wameanza shule, wanauliza unafananaje, nami nimeanza kupata shida kuwaeleza.

Nilimfuata Mama sebuleni sasa hivi, amekaa na Bwana Kimya, kumuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alinicheka. Akasema, "Unapoteza karatasi yako bure, mwanangu. Si huyu hapa, mwambie mwenyewe."

Mungu akulinde popote ulipo, akufikishie barua hii mkononi mwako na si kwa mwingine.

Mimi mdogo wako akupendaye.