Daftari Ukutani Kwako

Kilchreest,
Galway,
14 Novemba 2019.

Mpendwa kaka Malachy,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Noreen na ule mgongo wake, ameshapata nafuu? Na Aoife, masomo yanakwenda? Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikinyesha, na unaijua mvua ya huku, haina adabu.

Nilikuwa nimeapa sikuandikii tena, maana barua zangu mbili za mwaka huu hukuzijibu. Lakini nina jambo rohoni na nisipolitoa litanila.

Jumanne alikuja mkaguzi wa kusajili farasi kumwangalia binti wa farasi wetu Biddy, yule wa kijivu wa miaka mitatu. Alimpapasa miguu, akamtembeza. Kisha akasema mfupa kama ule haupatikani ila kwenye nyasi zetu hizi zinazoota juu ya mawe ya chokaa, na kwamba Wajerumani wangeuza nyumba wampate mfano wake. Nilivimba kichwa, Malachy. Nikamkumbuka baba.

Halafu akauliza, "Mama yake ni nani?"

"Si huyo hapo, anakutazama."

"Nauliza kwenye karatasi za ukoo, bibi."

Kwenye karatasi hayupo. Unamjua baba na ndugu zake, ukiwadai karatasi wanaona umewatukana. "Farasi mwenyewe ndiye karatasi," alikuwa akisema, na parokia nzima ilijua Biddy ni binti wa dume gani. Basi parokia yenyewe imeshahamia makaburini, na dume huyo alikufa kabla watu hawajaanza kupima damu kujua nasaba. Ndivyo tulivyo sisi: hodari wa kuzalisha, wavivu wa kuandika, kisha tunalalamika wageni wanatunyang'anya sifa.

Lakini kadi aliyoitoa mwenye dume kuthibitisha baba wa Biddy ilikuwapo. Baba aliibana kwenye daftari lake jekundu, lile ulilolichukua baada ya mazishi ukisema unataka ukumbusho tu. Nilikuachia kwa moyo mweupe. Krismasi iliyopita Aoife akanitumia picha ya sebule yenu huko Adelaide, na daftari hilo ukutani, limefungiwa ndani ya kioo, kofia ya baba juu yake, kadi inachungulia pembeni. Ndipo nikakuandikia nikiliomba. Nikakuandikia tena. Kimya.

Mkaguzi akaandika "asili ya mama haijulikani". Haijulikani, na ni vizazi vinne kwenye malisho haya haya!

Ningemweka azae, lakini watoto wake nao wangeandikwa hivyo hivyo, na kwa goti hili siwezi kulisha farasi asiye na jina msimu wote wa baridi. Jana nikamuuza kwa mchuuzi, kwa bei ya farasi wa kubebea watoto. Tukapigana viganja kufunga biashara, na mimi mjinga nikamrudishia noti moja ya kumtakia bahati kama baba alivyotufundisha. Akacheka. Atampeleka ng'ambo, atapewa jina jipya, na siku akiruka viunzi mbele ya watu, wenyeji wa huko watasema wao ndio waliomzalisha.

Biddy alimlilia uzioni mpaka sauti ikamkauka. Ameshazeeka, hatazaa tena.

Nisalimie Noreen. Mbusu Aoife, mwambie hana kosa, picha ilikuwa nzuri. Mungu awalinde nyote, nawe pia, maana damu nzito kuliko maji.

Daftari usilirudishe. Nilikuwa nalitaka kwa ajili ya farasi mmoja tu.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Attracta